Picha za Vita na Maneno Yake

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kushughulikia riwaya, tamthilia na ushairi. Picha zilizopigwa kwa kamera tumewaachia wanahistoria na watunza nyaraka, kana kwamba picha hutazamwa tu, haisomwi. Hata hivyo, katika miaka hii picha za Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 katika Afrika Mashariki zimezagaa mno. Zimetoka katika hifadhi za Ulaya, zinapita mkono kwa mkono, zinabandikwa katika kuta za madarasa, zinajadiliwa na watu wasiojuana. Na kila zinapofika huwa na maneno machache yaliyoandikwa chini yake. Maneno hayo ndiyo yanayotuhusu hasa sisi walimu wa lugha. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba picha ya vita haisemi yenyewe bali husemeshwa, na kwamba maneno inayosemeshwa aghalabu ni ya mwenye kamera, si ya yule aliyesimama mbele yake.

Ieleweke tangu mwanzo kwamba hatuzipingi picha hizi. Ni hazina, na watu wanaozitafuta, wakazisafisha na kuzigawa bure kwa wenzao wanastahili shukrani. Tunachokipinga ni ile desturi ya kuipokea picha pamoja na maelezo yake kama mtu apokeavyo mzigo uliofungwa, bila ya kuufungua kuona kilichomo.

CHIMBUKO LA PICHA

Picha mashuhuri zaidi za upande wa Wajerumani zilipigwa na Walther Dobbertin, Mjerumani aliyekuwa na duka la kupigia picha mjini Dar es Salaam kabla ya vita. Vita vilipoanza, aliendelea na kazi yake miongoni mwa majeshi. Mwaka 1932, akiwa kwao Ujerumani, alichapisha kitabu cha picha alichokipa jina lenye maana ya “Askari wa Lettow-Vorbeck”. Picha zake leo zimo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Ujerumani. Mwaka 2008 hifadhi hiyo ilitoa picha zipatazo laki moja kutoka katika makusanyo yake mbalimbali ili zitumiwe na watu wote, na za Dobbertin zikawamo. Ndiyo maana mwalimu wa Mbarara au wa Gulu anaweza leo kuwa nazo mkononi, jambo ambalo mwalimu wake hakuliota. Waingereza na Wabelgiji nao walikuwa na picha zao, na sehemu yake imefunguliwa vilevile.

Basi picha zimetufikia, lakini zimetufikiaje? Tuchukue jambo moja tu, nalo ni tarehe. Baadhi ya picha za Dobbertin zimewekewa tarehe pana sana: kati ya 1906 na 1918. Mtunza nyaraka aliyeandika hivyo alikuwa mwaminifu, maana hakutaka kusema zaidi ya alilolijua. Lakini picha inapotoka hapo ikapita mikono mitatu au minne, ule upana wa miaka kumi na miwili hupotea. Mmoja huandika “1914”, wa pili huandika “Mapigano ya Tanga”, wa tatu huandika “Vita vya Maji Maji”. Picha ni ileile, askari ni walewale, ila sasa wamepigana vita viwili tofauti, na yamkini siku ile walikuwa wakifanya gwaride la kawaida.

FANI

Mhakiki wa tamthilia huanza kwa kuuliza mandhari na wahusika. Mhakiki wa picha naye ana swali lake la kwanza: mpiga picha alisimama wapi? Kamera za wapiga picha wa dukani za zama zile zilikuwa nzito, nyingi zilisimamishwa juu ya miguu mitatu, na zilitumia sahani za kioo zilizobadilishwa moja moja. Mtu mwenye chombo kama hicho hakuweza kukimbia nacho katikati ya risasi. Kwa hiyo tukiona picha ya askari waliopiga goti katika mstari ulionyooka, bunduki zimeelekezwa upande mmoja, na aliyepiga picha amesimama hatua chache mbele yao akiwa na nafasi ya kutosha kuwaweka wote ndani ya picha, hapana budi tujue kwamba hapo hapakuwa na adui. Ni mazoezi, au ni mpango uliopangwa kwa ajili ya kamera. Kuiita picha hiyo “mapigano” ni sawa na kumkuta mwigizaji jukwaani akifa tukaenda kumwandalia matanga.

Swali la pili ni hili: nani yuko katikati, na nani yuko ukingoni? Katika nyingi ya picha hizi afisa wa Kizungu mwenye kofia nyeupe amewekwa pale jicho linapotua kwanza. Askari wamejaza safu. Wapagazi, kama wamo, wako nyuma au pembeni, nusu ya miili yao imekatwa na ukingo, na vichwa vyao havionekani kwa sababu ya mizigo. Inafaa tukumbuke kwamba mzigo wa mpagazi ulikuwa na uzito wa ratili hamsini au sitini, na kwamba katika nchi iliyojaa mbung’o, ambamo farasi na nyumbu walikufa kwa wingi, hakuna jeshi lililoweza kusogea maili moja bila ya watu hawa. Mizinga ya manowari Königsberg, iliyozamishwa katika delta ya Rufiji Julai 1915, ilitolewa ikaburutwa nchi kavu kwa nguvu za watu waliofungwa kamba vifuani. Lakini hata pale wanapopigwa picha, macho ya mtazamaji huelekezwa kwenye mzinga.

Swali la tatu ndilo la lugha: nani ametajwa kwa jina? Afisa hutajwa kwa cheo na jina la ukoo. Askari hutajwa kwa wingi: “askari”. Mpagazi, mara nyingi, hutajwa kupitia mzigo wake. Mwanafunzi wa sarufi atatambua mara moja kinachotendeka hapa: mmoja ni nomino ya pekee, wa pili ni nomino ya kawaida, na wa tatu amekuwa kivumishi cha sanduku.

MAUDHUI

Maudhui yanayotawala picha za upande wa Wajerumani ni uaminifu. Askari anaonyeshwa amesimama imara, nadhifu, macho mbele, tayari kumfuata bwana wake hadi mwisho. Hatuna budi kuuliza ujumbe huu ulikusudiwa nani. Kwa Mkataba wa Versailles wa 1919 Ujerumani ilinyang’anywa makoloni yake, ikaambiwa kwamba haikustahili kuwatawala watu wengine. Kitabu cha 1932 kilitoka wakati Wajerumani wengi wakiyadai makoloni hayo yarudishwe. Picha ya askari mwaminifu ilikuwa ushahidi katika kesi: tazameni, tulipendwa. Hata jina la kitabu linawafanya watu hao kuwa mali ya mtu mmoja.

Historia haikubaliani na picha hiyo moja kwa moja. Lettow-Vorbeck aliposalimisha silaha zake Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, alibakiwa na Wazungu 155 na askari 1,168. Wengine walikuwa wamekufa, wametekwa au wameachwa wagonjwa. Na wengi walikuwa wametoroka. Michelle Moyd, katika kitabu chake cha mwaka 2014 kuhusu askari hao, ameonyesha kwamba utii wao ulikuwa na masharti: walitafuta heshima, mali na nyumba za kutegemewa, na masharti hayo yalipovunjika wengi walijiondokea. Naye Ludwig Deppe, tabibu aliyefuatana na jeshi hilohilo, aliandika baadaye kwamba walikoondoka waliacha mashamba yaliyoharibiwa na ghala tupu, na nyuma yao ikafuata njaa. Shahidi huyu hakuwa adui wa Wajerumani. Alikuwa mmoja wao.

Waingereza nao wana picha yao na kimya chao. Wanahistoria wanakadiria kwamba upande wao peke yake uliwatumia wapagazi wapatao milioni moja, na kwamba karibu laki moja kati yao walikufa, wengi zaidi kwa kuhara damu, malaria na chakula kibovu kuliko kwa risasi. Majina ya Kariakoo mjini Dar es Salaam na Kariokor mjini Nairobi ndiyo kumbukumbu yao kubwa, nayo yametoka katika matamshi ya jina la kikosi chao lililopindwa na ulimi wa Kiswahili. Sanamu ya askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 ni ya askari peke yake na bunduki yake. Ile ya Nairobi ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Amepewa nafasi, lakini hakupewa jina. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika taarifa yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafikia 350,000, wengi wao wakiwa wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ukingo ule wa picha uliomkata mpagazi kichwa ulikata pia katika daftari la makaburi.

Sisi wa Uganda tumo ndani ya habari hii, ingawa picha hutufanya tuione kama habari ya Watanganyika na Wakenya. Mwaka 1916 maelfu ya wapagazi walitolewa Uganda kulitumikia jeshi la Kongo ya Wabelgiji lililoingia Kigali mwezi wa Mei na kuiteka Tabora tarehe 19 Septemba. Vijana waliosoma katika shule za misheni za Buganda waliandikishwa katika kikosi cha utabibu, wakawauguza wagonjwa katika hospitali za vita. Na katika nchi jirani kulikuwa na njaa ambazo wenyeji wamezihifadhi kwa majina: Rumanura huko Rwanda, kati ya 1916 na 1918, na Mtunya huko Ugogo, kuanzia 1917. Katika picha zinazopita mikononi mwetu njaa hizo hatuzioni. Jeshi lina bendera na sare za kupigwa picha. Ghala tupu la mkulima halina.

WASEMAJI WATATU

Tumefuatilia mazungumzo ya watu wanapokusanyika kuzitazama picha hizi, na tumewatambua wasemaji wa namna tatu.

Wa kwanza ni mpenzi wa silaha. Huyu hamwangalii mtu, huangalia bunduki yake. Atakuambia kwamba hii ni Mauser ya mwaka 1871, ile iliyotoa moshi mwingi na kumfichua mpigaji, na kwamba ile nyingine ni ya mwaka 1898. Wengi humbeza, lakini sisi hatumbezi, kwa kuwa elimu yake hutufaa katika kukadiria tarehe ya picha. Kosa lake ni kwamba akishaitambua bunduki hudhani picha imekwisha kusomwa.

Wa pili ni mwenye hasira. Huyu huiona kila picha kuwa ni ya shujaa au ya mtumwa. Tumeiona picha ya askari wa jeshi la Wajerumani ikiwa imeandikwa chini yake kwamba ni mashujaa wetu wakipambana na mkoloni, ilhali watu hao walikuwa wakimpigania mkoloni, na baadhi yao, kabla ya hapo, walitumika katika kuzima Maji Maji. Hasira yake ina haki. Mababu walidhulumiwa kweli. Lakini hasira isiyosoma humpa sifa aliyeshika kiboko na kumsahau aliyechapwa.

Wa tatu husema kidogo. Huuliza tu: picha hii ilipigwa wapi? Babu yangu alichukuliwa akaenda, hakurudi. Anatafuta uso. Mara nyingi wale wawili wa kwanza wanaendelea kubishana juu yake, na swali lake halijibiwi. Kwa maoni yetu, huyu ndiye msomaji ambaye picha zinamdai haki yake, na maelezo ya picha yapimwe kwa kipimo chake. Maelezo yanayomdanganya juu ya mahali au mwaka yanamfanya alilie kaburi lisilo lake.

PICHA NA UTENZI

Wapo wanaosema kwamba watu wetu hawakuwa na njia ya kuhifadhi habari za vita kabla ya kamera. Mwalimu wa Kiswahili hana ruhusa ya kuliacha neno hilo lipite. Vita vya Wajerumani kuitwaa Mrima vilitungiwa utenzi na Hemedi bin Abdallah el-Buhriy. Maji Maji ilitungiwa utenzi na Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi. Vita vya 1939 hadi 1945 vilitungiwa utenzi na Shaaban Robert. Tungo hizi zina upendeleo wake, na mhakiki ana wajibu wa kuupekua. Lakini zina adabu moja ambayo picha za vita hazina: utenzi hutaja. Husema nani alikwenda, alitoka wapi, alisema nini, alianguka wapi. Mtunzi aliyesimulia vita bila majina angeulizwa na wasikilizaji wake amesimulia vita gani.

Picha ina uso lakini haina jina. Utenzi una jina lakini hauna uso. Mwalimu anayeviweka viwili hivi mbele ya darasa moja anawapa wanafunzi nafasi ya kuona kila kimoja kimekosa nini.

DARASANI

Jambo hili lina uzito wa pekee kwetu Uganda. Kiswahili hapa kimebeba lawama ambayo wenzetu wa Tanzania hawaijui. Wazazi wengi walikisikia kwanza kwenye vizuizi vya barabarani katika miaka ya 1970 na 1980, kutoka katika kinywa cha mtu mwenye bunduki. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Uamuzi huo tuliufurahia. Lakini lazima iliyoandikwa haiondoi hofu iliyomo moyoni. Mwalimu anayeanza somo la historia ya Kiswahili kwa kubandika picha ya askari mwenye bunduki anaithibitisha hofu hiyo, hata kama nia yake ni njema.

Hatusemi picha hiyo ifichwe. Kiswahili kilikuwa kweli lugha ya kambini katika pande zote mbili, na ni vema mwanafunzi alijue hilo. Tunachosema ni kwamba hapohapo kambini, nyuma ya safu, palikuwa na Kiswahili kingine. Wapagazi walitoka makabila mengi yasiyosikilizana. Mtu wa Busoga alipougua njiani, mbali na kwao, na kumwomba maji mtu wa Ukamba au Unyamwezi, aliomba kwa lugha gani? Lugha hiyo ya kuomba na ya kupewa ndiyo hatujaifundisha. Picha ya wapagazi, hata iliyokatwa ukingoni, inatufungulia mlango wa kuifundisha.

Tunapendekeza, basi, zoezi moja la utungaji kwa madarasa ya juu. Mwanafunzi apewe picha bila maelezo yake, atunge maelezo ya sentensi tatu. Ya kwanza iseme kinachoonekana. Ya pili iseme kinachojulikana na kimejulikana kwa ushahidi gani. Ya tatu iseme kisichojulikana. Sentensi hizo zisichanganywe. Kwa mfano: “Askari wa jeshi la Wajerumani wamesimama katika safu, na nyuma yao kuna watu wenye mizigo. Picha ilipigwa na Walther Dobbertin katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, kati ya 1906 na 1918, kwa mujibu wa hifadhi inayoitunza. Majina yao hayakuandikwa.” Mwalimu ataona ugumu wa zoezi hili: mwanafunzi hupenda kuirukia sentensi ya nne, ile ya ushujaa au ya laana, kabla ya kuzimaliza zile tatu.

Limeulizwa pia suala la picha za watu waliofungwa minyororo au walionyongwa. Baadhi ya wenzetu wanasema zionyeshwe ili ukatili ujulikane. Wengine wanasema zisionyeshwe kwa sababu zinamdhalilisha marehemu mara ya pili. Sisi tunaona kwamba picha ya aina hiyo isiwekwe ukutani, mahali ambapo jicho huizoea. Ionyeshwe kwa kusudi, baada ya maelezo, kwa wanafunzi waliokomaa, kisha irudishwe mahali pake. Mwalimu ajiulize kama angeionyesha hivyo laiti aliyefungwa angekuwa ni babu yake. Kwa baadhi ya wanafunzi wake huenda ndiye.

HITIMISHO

Tumejaribu kuonyesha kwamba picha za vita ni matini, na kwamba zina fani, maudhui na upendeleo kama matini nyingine. Waliozipiga walikuwa na kamera, hifadhi na wachapaji, wakaziambatanisha na maneno yao. Kazi ya kuyachunguza maneno hayo haiwezi kuachiwa wengine, maana watu walioonyeshwa ndani yake walizungumza lugha tunayoifundisha.

Wazee waliokwenda vita vile hawapo tena. Watoto wao wanazidi kuwa wachache, na wajukuu wao wengi ni wazee sasa. Zipo familia ambamo jina la mtu aliyechukuliwa “Kariakoo” bado linatajwa, pamoja na njia aliyopita na neno aliloacha alipoondoka. Tunawaomba walimu wenzetu katika matawi yote wawaagize wanafunzi wao waulize majumbani, waandike jina, kijiji na habari kama zilivyosimuliwa, bila ya kuzirembesha, na watuletee. Kurasa za jarida hili ziko wazi kuyapokea majina hayo, hata kama hatutapata kamwe picha ya kuyaweka chini yake.